Palipochomwa mkaa zamani: pachunguze kabla hujapanda

Ukipita kwenye mapori ya Kilwa, Nachingwea au Nanyumbu, utakuta sehemu ndogo yenye nyasi tupu huku miti imeizunguka pande zote. Piga jembe hapo. Ukiona udongo mweusi wenye chenga za mkaa, na chini yake tabaka jekundu lililoungua, ujue palikuwa na tanuri. Mengi ya Kilwa si ya jana. Daraja la Mkapa, kwenye Mto Rufiji, lilipofunguliwa mwaka 2003, mkaa wa huku ulipata njia rahisi ya kufika Dar es Salaam, na matanuri yakaongezeka kandokando ya barabara.

Kwa nini miti haijarudi hapo? Miombo na mitondoro hujirudisha zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Eneo lililokatwa, lisipolimwa wala kuungua kila mwaka, huanza kuchipua mvua za kwanza tu. Chini ya tanuri mambo ni tofauti. Moto hukaa mahali pamoja kwa siku kadhaa, ukaua mizizi, mbegu zilizolala ardhini, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya miombo na kuisaidia kupata chakula. Baadhi ya uyoga ambao akina mama huokota masika hutokana na kuvu hao hao. Mche wa mwombo ukiota pasipo kuvu, hudumaa.

Na athari hii hukaa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, mkaa ulichomwa kwa wingi karne ya 18 na 19 kuyeyushia chuma. Leo msitu umerudi, lakini maelfu ya sehemu za matanuri bado zinatambulika na udongo wake bado ni mweusi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwa vijiji vyenye msitu wa hifadhi na kibali cha kuvuna: jengeni tanuri pale pale palipokuwa na la zamani. Najua wachomaji watalalamika, maana kuburuta magogo ni kazi nzito, na ni rahisi zaidi kujenga karibu na mti ulioangushwa. Lakini kila tanuri jipya ni kipande kingine cha ardhi kinachopoteza mizizi yake. Kamati ya maliasili iyawekee alama matanuri ya zamani kabla ya uvunaji kuanza. Pasipokuwepo la zamani, chagueni uwazi usio na visiki wala miche, mbali na miti mikubwa ya mbegu. Kisiki kikatwe kwa msumeno mkali, kwa mshazari, gome lisichanike.

Kama sehemu hiyo imo shambani mwako, usiione hasara. Majivu huongeza chokaa na potasiamu na kupunguza uchachu wa udongo, jambo lenye faida kwenye mashamba yetu ya kichanga, hasa ya korosho yaliyopuliziwa salfa miaka mingi dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Nchini Ghana, mahindi yaliyopandwa palipokuwa na matanuri yalizaa zaidi ya yale ya jirani. Kinachopungua ni naitrojeni, kwa sababu moto huipoteza hewani. Ndiyo maana napendelea mbaazi, ambazo huirudisha ardhini, zitangulie, kisha mahindi au ufuta. Katua kwanza tabaka lililoungua. Penye mfinyanzi huwa gumu kama kigae na mizizi michanga haipenyi. Chenga zikizidi, zisambaze shambani, uchanganye na samadi.

Ndani ya msitu usilime. Hapo kazi kubwa ni kuzuia moto, hasa wa Septemba na Oktoba nyasi zikiwa zimekauka kabisa, kwani ndio unaomaliza machipukizi. Nyasi za kwenye tanuri la zamani huwaka vibaya; zifyeke mapema, Juni au Julai, uziondoe.

Ukitaka kurudisha miti hapo, anzia pembeni uende katikati, mvua zikishashika. Chimba shimo lipite tabaka lililoungua. Kisha chota konzi ya udongo chini ya mwombo au mtondoro ulio hai, pamoja na majani yaliyooza, uitie shimoni kabla ya mche. Kuvu watakuja na udongo huo.