Jinsi ya kushiriki siasa ukiwa muumini bila kubebwa na kabila

Hapa Kenya kila mtu ana kabila, karibu kila mtu ana dini, na kila miaka mitano wanasiasa wanakuja kuomba vyote viwili kwa mkupuo. Mimi ni mtu wa kanisa na sikubaliani na wale husema ati muumini akae mbali na siasa. Shida ni kwamba tukitaka kitu tunamngoja kigogo wa kabila ama mchungaji mwenye marafiki serikalini, na kazi yenyewe inafanyika hapo wadi bila sisi.

Kwa hivyo anza na wadi, ile sehemu ndogo inayochagua mjumbe wa bunge la kaunti, ziko 1,450 na hakuna Mkenya asiye na moja. Jua tarehe kwanza. Mpango wa maendeleo wa mwaka, ule watu huita ADP, unafaa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Ukianza kulilia barabara mwezi wa saba pesa ishagawanywa zamani. Agosti ndio ya kusukuma mradi uingie kwa orodha, Mei ndio ya kuangalia kama bado uko.

Halafu enda kikao cha maoni ya umma. Ni haki yako kikatiba, kifungu cha 196 kinalazimisha bunge la kaunti kushirikisha wananchi, lakini si tunajua vile huenda: tangazo linatoka siku mbili kabla, kitabu cha bajeti ni kinene na ni Kizungu, viti vya mbele vimejaa watu waliobebwa na mheshimiwa, maombi ya kufungua yanakuwa marefu, hotuba ndio hizo, halafu mwananchi anapewa dakika moja aongee. Usitegemee hiyo dakika. Beba karatasi, ukurasa mmoja tu, andika wadi, mradi, ukurasa wa bajeti ambapo unatajwa (ama unafaa kutajwa) na kile mnataka kifanywe. Chapisha nakala mbili, moja uwaachie, ya pili wakupigie muhuri na tarehe urudi nayo nyumbani. Bila muhuri mwaka ujao watakuambia hakuna mtu alisema kitu.

Na sahihi za hiyo karatasi usizitafute kwa watu wa kwenu pekee. Karatasi ya dispensari yenye akina Otieno, Wanjiku, Chebet na Mohamed ni ngumu kutupa kwa sababu MCA, yaani mjumbe wa wadi, hawezi kusema ni kabila fulani linamchokoza. Ongea na wamama wa chama (kile cha kuweka akiba, si cha siasa) baada ya ibada, ongea na watu wa msikiti wakitoka swala ya Ijumaa, na uombe ruhusa kwa wenyewe kwanza, usinyakue maikrofoni. Mkitofautiana juu ya rais sawa tu, hiyo si shida ya dispensari.

Wakikuficha hesabu, kuna kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Unaandika barua kwa Kiswahili, sheria inaruhusu, huhitaji kueleza sababu na ombi lenyewe halilipiwi. Wana siku 21 za kujibu, wakinyamaza unapeleka malalamiko kwa Ombudsman, ile tume ya kupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Sasa pesa ambazo wanasiasa huja kutoa madhabahuni, hii inaniudhi sana. 2021 Askofu Mkuu Ole Sapit wa Anglikana alikataza siasa kwa mimbari, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa pesa Rais Ruto alitoa parokia ya Soweto. Yawezekana basi. Lakini usimzomee mgeni Jumapili, utaonekana mkorofi na hoja yako itakufa hapo hapo. Peleka kwa kamati ya kanisa, uliza iandikwe kwa kumbukumbu za mkutano: mwanasiasa akija anakaa na waumini, anatoa sadaka kwa kikapu kama sisi, hakuna kutangaza kiasi, hakuna kupewa maiki. Hata yule unampenda wewe. Hasa yule unampenda wewe.

Kwa magrupu ya WhatsApp nitasema tu hivi. Kwa vurugu za baada ya uchaguzi, 2007 na 2008, walikufa zaidi ya watu 1,100, wengine walichomewa ndani ya kanisa Kiambaa karibu na Eldoret walikokimbilia usalama. Uchochezi wa kikabila ni kosa chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008, faini inaweza kufika milioni moja ama miaka mitatu ndani. Mzee wa familia akifowadi ile ya "watu wetu wanamalizwa", usimkosoe mbele ya watu wote, atakaza tu. Mpigie simu, msalimie vizuri, uliza, "Mjomba, hii umetoa wapi?" Mara nyingi hajui, na ukimuomba kwa heshima anaifuta.

Uchaguzi unaofuata ni Jumanne 10 Agosti 2027. Kama hujajiandikisha enda ofisi ya IEBC (tume ya uchaguzi) ya eneo bunge lako na kitambulisho, usingoje foleni za mwisho. Siku ya kura, kuhesabu kukiisha matokeo hubandikwa mlangoni mwa kituo. Piga picha, rais ni fomu 34A, na ya MCA, 36A, pia uipige, wengi hupiga ya rais wanaenda.