Kutumia kifaa cha ayoni dhidi ya virusi vya hewani

Kifaa cha ayoni, yaani atomu au molekuli zenye chaji ya umeme, hutia chaji hiyo kwenye chembe zinazoelea hewani, zikiwemo zilizobeba virusi vya mafua. Chembe yenye chaji haibaki hewani muda mrefu. Hutafuta pa kunata. Ndiyo maana tunasisitiza: nunua chenye bamba la kunasia. Kisicho na bamba huzinatisha ukutani na mezani, na baada ya muda ukuta ulio karibu nacho huwa mweusi. Watafiti wa Uswidi waliochapisha mwaka 2015 jaribio la kuzuia mafua yasiambukizwe kwa hewa kati ya simbilisi walitumia kifaa chenye bamba. Hilo, hata hivyo, lilikuwa jaribio la maabara.

Kabla ya kulipa, tafuta alama ya UL 2998, inayothibitisha kuwa gesi ya ozoni inayotoka kwenye kifaa haizidi sehemu 0.005 kwa milioni ya hewa. Ozoni huwasha mapafu, na mwenye pumu huumia mapema. Kifaa kinachouzwa kwa sifa ya kutoa ozoni, kiache dukani.

Kisha pima chumba. Mita 5 kwa 4 kwa 3 ni mita za ujazo 60. Lengo ni hewa safi sawa na mara 5 ya ujazo huo kwa saa, yaani 300. Angalia kifaa kinasafisha mita za ujazo ngapi kwa saa. Idadi ya mamilioni ya ayoni iliyoandikwa kwenye boksi haikusaidii hapa. Kikitoa 120, kiasi kinachobaki kitoke madirishani au kwenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani usikihesabu, maana huzungusha hewa ileile.

Kiweke juu ya meza, mbali na mapazia na kompyuta, pangaboi likizunguka polepole. Watu wasikae wamekizingira.

Usafi ndio hupuuzwa. Kila wiki chomoa waya, subiri dakika chache chaji iishe, pangusa ncha za sindano zinazotoa ayoni kwa pamba yenye spiriti. Osha bamba kwa maji na sabuni, likauke kabisa. Vumbi kwenye ncha hupunguza ayoni. Unyevu kwenye bamba huleta cheche. Ukisikia mlio wa kutatarika, zima na usafishe upya. Ukisikia harufu kali kama ya baada ya radi, hiyo ni ozoni: zima, fungua madirisha, na harufu ikirudi baada ya kusafisha, usikitumie tena.