Bakapu kamili sanisi kwa Veeam na XFS, hatua kwa hatua

Seva ya faili yenye TB 4, kwenye mtandao wa gigabiti moja unaopitisha kama MB 110 kwa sekunde, huchukua takriban saa 10 kunakiliwa yote. Mabadiliko yake ya siku moja, tuseme GB 60, hupita kwa dakika 9 hivi. Ndiyo maana tunahitaji bakapu kamili sanisi, yaani inayounganishwa kutokana na bakapu zilizopo badala ya kunakili seva yote upya: unapata faili kamili kila wiki bila kuielemea seva saa 10 kila Jumamosi. Hapa natumia programu ya bakapu ya Veeam Backup & Replication na ghala (mashine inayohifadhi bakapu) la Linux lenye mfumo wa faili wa XFS, mpangilio ninaoupendekeza kwa ofisi nyingi.

Hatua ya 1: Elewa kinachofanyika usiku huo

Faili kamili, yaani .vbk, iliundwa Jumamosi iliyopita. Kuanzia Jumapili, kila usiku ikaongezwa .vib, faili ya nyongeza yenye bloku (vipande vya data) zilizobadilika tu. Jumamosi ikirudi, kazi huanza kama siku zote: inavuta nyongeza ya siku hiyo kutoka kwenye seva. Baada ya hapo seva huachwa ipumzike, na kila kitu kinamalizikia ghalani.

Kwa kila bloku, programu hutafuta toleo lake la mwisho. Bloku iliyobadilika Jumatatu na tena Jumatano huchukuliwa kwenye .vib ya Jumatano. Ile ya Jumatatu haina kazi hapa. Ambayo haikuguswa wiki nzima hutoka kwenye .vbk ya zamani. Mwishoni unakuwa na .vbk mpya, na .vib ya Jumamosi hufutwa kwa kuwa yote yaliyomo yameshaingia humo.

Hatua ya 2: Tayarisha diski

Msiharakishe hapa. Kwenye mfumo wa faili wa kawaida, kuunganisha ni kusoma TB 4 na kuziandika upya kwenye diski zilezile. Seva umeiokoa, lakini ghala linahema hadi asubuhi. XFS yenye reflink, uwezo wa faili kadhaa kutumia bloku zilezile, haiandiki data hiyo mara ya pili: .vbk mpya huelekezwa kwenye bloku ambazo tayari zipo diskini, na kinachoandikwa ni ramani tu. Veeam ilianza kuitumia XFS namna hii kwenye toleo la 10, mwaka 2020. Kwa upande wa Windows, mfumo wa faili wa ReFS hufanya vivyo hivyo.

Amri hii inafuta kila kilichomo kwenye diski, kwa hiyo hakikisha jina lake kwanza:

mkfs.xfs -b size=4096 -m reflink=1,crc=1 /dev/sdb1

Iunganishe, mfano kwenye /ghala, kisha thibitisha:

xfs_info /ghala | grep reflink

Ukiona reflink=1, endelea.

Hatua ya 3: Sajili ghala na upange kazi

Unapoongeza ghala kwenye Veeam, weka alama kwenye kisanduku cha fast cloning kwa XFS, ndicho kinachoiruhusu kutumia reflink. Kisha fungua kazi yako, nenda Storage, halafu Advanced, uchague Incremental na uwashe synthetic full siku ya Jumamosi. Kama ulihamishia hapa bakapu kutoka diski ya zamani, endesha kwanza bakapu kamili ya kawaida, inayovuta data yote kutoka kwenye seva, mara moja. Mnyororo mpya, yaani .vbk na .vib zinazoifuata, uanzie kwenye XFS yenyewe.

Hatua ya 4: Soma ripoti ya Jumamosi ya kwanza

Tafuta maneno [fast clone] kwenye mstari wa synthetic full. Yasipokuwepo, data imeandikwa upya yote, na kuna kitu hakijakaa sawa katika hatua mbili zilizotangulia. Kisha linganisha:

du -sh /ghala
df -h /ghala

du huhesabu bloku za pamoja kwa kila faili inayozitumia, kwa hiyo itaonyesha matumizi makubwa kuliko hali halisi. Amini df. Lakini ukizihamisha faili hizo kwa rsync (amri ya kunakili faili) kwenda diski nyingine, ushirika wa bloku unavunjika na kila .vbk inadai nafasi yake kamili.

Hatua ya 5: Linda mnyororo

Hili naomba lichukuliwe kwa uzito mkubwa. .vbk nne za mwezi mzima zinaonekana kama nakala nne, kumbe bloku ambayo haijabadilika mwezi huo iko diskini mara moja tu. Sehemu hiyo ya diski ikiharibika, zote nne zimeumia. Zaidi ya hapo, bakapu sanisi hairudi kwenye seva kuuliza; kosa lililokuwa kwenye faili ya zamani linarithiwa.

Kwa hiyo washa health check (ukaguzi wa uzima wa bakapu) kwenye kichupo cha Maintenance, siku tofauti na Jumamosi. Hukagua bakapu ya karibuni kabisa, na ikikuta bloku mbovu huivuta upya kutoka kwenye seva. Weka nakala ya pili kwenye kifaa kingine kabisa, ikiwezekana jengo jingine. Mimi pia hupanga bakapu kamili ya kawaida mara moja kila robo mwaka, wikiendi ndefu, pale diski inapokuwa na nafasi ya kuibeba.

Na kila mwezi rejesha faili moja kubwa ambayo haijahaririwa tangu bakapu ichukuliwe, iweke kwenye folda nyingine, kisha endesha sha256sum, amri inayotoa namba ya utambulisho wa yaliyomo, kwa faili ya seva na ile iliyorejeshwa. Namba zikitofautiana, simamisha ufutaji wa bakapu za zamani kabla ya kugusa kitu kingine chochote.