Jinsi ya Kuendesha Warsha ya Mikeka: Historia ya Ardhi na Upatanisho katika Dodoma

Nchini Kanada kuna zoezi la kufundishia historia ambalo washiriki wake husimama juu ya mablanketi yaliyotandazwa sakafuni, mablanketi hayo yakiwa ndiyo ardhi ya watu wa asili kabla ya Wazungu kufika. Msimulizi husoma historia hatua kwa hatua, na kila mkataba, sheria au maradhi yanapotajwa, blanketi hukunjwa na watu hubanana au hutolewa nje, hata mwishoni wakabaki wachache juu ya vipande vilivyotengana. Lilibuniwa mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya tume ya kifalme ya nchi hiyo kutoa ripoti yake kuhusu hali ya watu wa asili. Nimeliendesha hapa Dodoma mara kadhaa kwa mikeka badala ya mablanketi, na kwa historia ya Tanzania ya kati badala ya ile ya Kanada. Maelekezo haya ni kwa mwalimu wa historia, kiongozi wa vijana wa kanisani au msikitini, na ofisa maendeleo ya jamii anayetaka kufanya hivyo katika kata yake.

Mchezo wenyewe huchukua takribani saa moja, na mazungumzo yanayoufuata huhitaji saa mbili. Asiye na saa hizo mbili ni afadhali asitandike mkeka hata mmoja, kwa sababu atakuwa amefukua jambo na kuliacha wazi.

Maneno ya kuchagua mapema

Kabla ya kuandika barua ya mwaliko, amua utatumia maneno gani. Kanada wanasema "watu wa asili" na kila mtu anajua ni nani wanaotajwa. Kwetu neno hilo lina ubishi, kwani msimamo wa serikali kwa miaka mingi ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji wa nchi yao, ilhali Wahadzabe na Wabarabaig wamekuwa wakijitambulisha kwa jina hilo katika madai yao ya ardhi. Mimi hutumia "wenyeji wa eneo" na hutaja kila jamii kwa jina lake: Wagogo, Wasandawe, Warangi, Wabarabaig, Wahadzabe. Nalo neno "maridhiano" liko midomoni mwa wanasiasa siku hizi, na ukiliandika juu ya barua ya mwaliko utaulizwa kama kikao ni cha chama gani. Andika "upatanisho", au "historia ya ardhi yetu" peke yake, na hakuna atakayekushuku.

Ruhusa hufuata njia ya kawaida: barua kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, na maelezo ya wazi kwamba hakuna eneo litakalopimwa wala mgogoro wowote utakaoamuliwa siku hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho isikosekane. Mahali ambapo watu wamewahi kuona mambo ya upimaji yakianza kwa kikao, kikao chochote kinachotaja ardhi huwatia hofu. Kuhusu posho, sema tangu mwanzo kama ipo au haipo. Ikiwa uwezo wako ni nauli na chakula tu, taja kiasi cha nauli katika barua yenyewe.

Mikeka, vibuyu na wazee

Kwa watu thelathini, tafuta mikeka ya ukindu kumi na minne na ukumbi usio na viti vilivyofungwa chini. Kuna walionishauri nitumie khanga kwa kuwa ni nyepesi na zina rangi, nami nikakataa, kwa maana khanga humbeba mtoto na humfunika marehemu, na si kitu cha kumkanyagisha mtu. Mkeka umezoea kukaliwa, na pia umezoea kukunjwa: tunasema "kukunja jamvi" shughuli inapokwisha, kwa hiyo mshiriki huelewa tendo hilo bila kufafanuliwa. Waombe wote wavue viatu. Kimya kinachoingia ukumbini watu wakiwa peku hukufanyia nusu ya kazi.

Kila mshiriki apewe kibuyu kidogo chenye punje chache za uwele au mtama. Kibuyu ni kaya yake.

Utahitaji msomaji mwenye sauti tulivu, mtu mmoja wa kukunja mikeka ambaye hasemi neno, na wazee wawili au watatu wanaoijua historia ya eneo. Wazee hawa si wageni wa heshima wa kukalishwa mbele na kupewa maji ya chupa. Wasomee simulizi yote wiki moja kabla, nyumbani kwao, nao waikosoe. Mzee mmoja wa upande wa Mvumi alinifutia aya nzima kwa sababu niliandika kwamba watu "walihamia" kijiji kipya. "Walihamishwa," alisema, kisha akaninyamazia hadi nilipoandika upya.

Kuandika simulizi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuchukua simulizi ya Kanada na kuitafsiri. Mshiriki wa Dodoma atasikitika kusikia kwamba watoto wapatao 150,000 wa watu wa asili walichukuliwa na kupelekwa katika shule za bweni ambako lugha zao zilikatazwa, na inafaa alisikie, lakini mkeka ulio chini ya miguu yake utabaki mkeka. Taja Kongwa, na mkeka unakuwa shamba la babu yake.

Mimi huanza na Ugogo wa misafara, pale ambapo watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila msafara wa biashara uliokunywa maji katika nchi yao, ili mshiriki aone kwanza watu wenye mamlaka juu ya ardhi yao, asije akadhani kwamba historia yao ilianza siku waliponyang'anywa. Wape dakika tano watembee juu ya mikeka yote, wasalimiane kwa lugha zao na kubadilishana punje. Ukumbi utajaa "mbukwenyi" na vicheko. Usiwakatishe.

Kisha inakuja reli ya Wajerumani, iliyofika Dodoma karibu na mwaka 1910, na mkeka wa kwanza unakunjwa. Baada yake ni Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, mvua nazo zikakatika, na kukatokea njaa ambayo Wagogo huiita Mtunya, iliyoua maelfu ya watu hadi kufikia mwaka 1920. Sehemu hii isomwe polepole.

Baada ya hapo historia inakimbia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa. Udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, mitambo ikavunjika, mvua ikakosekana, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza pauni zipatazo milioni 36. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, na kaya zilizokuwa zikiishi mbalimbali katika tembe zao zikakusanywa vijijini. Mwaka 1973 ikaamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo ilisimamia ardhi ya mji hadi ilipovunjwa mwaka 2017. Kwa washiriki wa Kondoa, ongeza mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililoliwa na mmomonyoko ili ardhi ipumzike. Hapo ujiandae kwa ubishi wa kweli, kwa maana uoto ulirudi, na wapo watakaokuambia kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi.

Sehemu ya Hanang usiiache, kwa kuwa ndiyo inayofunga duara. Mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu yalianzishwa kwa msaada wa Kanada, na Wabarabaig wakapoteza malisho yao bora. Makaburi ya wazee wao, yale ya kilima cha udongo wanayoyaita bung'eda, yakapitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani, kikashinda katika Mahakama Kuu mwaka 1984, kikashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka uliofuata. Soma aya hii bila kupandisha sauti. Washiriki wenyewe watatambua kwamba nchi ile ile iliyotupa zoezi hili ndiyo iliyotoa fedha za trekta.

Simulizi isiwe orodha ya hasara peke yake. Weka mahali pa kutandika upya mkeka: mimi hutumia mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda Chini walipopata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mkunjaji huurudisha mkeka mmoja chini, na watu huhamia juu yake kwa tahadhari kana kwamba utavutwa tena.

Kosa langu la Mtunya

Mara ya kwanza nilifuata utaratibu wa Kanada ambapo baadhi ya washiriki hupewa kadi, na mwenye kadi fulani huambiwa kwamba amekufa kwa maradhi au njaa, kisha hutoka kwenye blanketi. Kadi ya Mtunya ilimwangukia bibi mmoja wa Chamwino. Nami, nikiwa kijana kwake na nikiwa na karatasi mkononi, nikamwambia mbele ya watu, "Bibi, wewe umekufa, tafadhali ondoka kwenye mkeka." Aliniangalia, akachukua viatu vyake, akaenda kukaa nje chini ya mti hadi jioni. Nilipomfuata kuomba radhi aliniambia kwamba mama yake alizaliwa katika njaa ile na kubaki yatima, na kwamba mtu hatamkiwi uchuro namna ile, hata kwa mchezo.

Tangu siku hiyo sitoi kadi. Msomaji akifika kwenye Mtunya husema tu, "Kaya nyingi hazikuuona mwaka uliofuata." Anayetaka huinama, humwaga punje zake na kukifudikiza kibuyu chake juu ya mkeka, kisha husogea pembeni. Hakuna anayeitwa kwa jina wala kulazimishwa. Wengi huinama bila kuombwa, na vibuyu vile vilivyofudikizwa huachwa hapo hapo hadi mwisho, hivyo mikeka inayofuata hukunjwa kwa kuvizunguka. Mkunjaji afanye mazoezi ya jambo hili kabla, kwani kibuyu kikibingirika watu hucheka, na si kicheko unachokitaka.

Mikeka ikibaki mitano, watu watakuwa wamebanana bega kwa bega. Waache hivyo kwa dakika mbili nzima, bila maneno na bila muziki.

Mduara

Wakalishe wote chini, kwenye mikeka iliyotandikwa tena, wazee pamoja nao. Pitisha kibuyu kimoja mkono kwa mkono: mwenye nacho ndiye mwenye zamu ya kusema, na asiyetaka hukipitisha. Swali la kwanza liwe jepesi: "Mkeka ulipokunjwa, ulifikiria mahali gani?" Usianze na "Nani alaumiwe?" Swali hilo litakuja lenyewe, nawe hupaswi kulijibu.

Tarajia kauli zinazopingana. Mzee mmoja atasema kwamba operesheni ilimvunjia tembe, na mwingine wa rika lake atasema kwamba bila kijiji kile watoto wake wasingeona shule wala zahanati. Yote mawili yalitokea, wakati mwingine kwa mtu yule yule, na kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayemfanya mwenzake mwongo. Mtumishi aliyehamia Dodoma hivi karibuni na kununua kiwanja atauliza kama yeye ni mkosaji. Mwelekeze swali lake kwa wazee. Nimesikia mzee akimjibu hivi: "Mwanangu, wewe kaa. Ila ukichimba msingi ukakuta chungu, tuite kwanza."

Utani nao ni wa kuangaliwa. Kati ya watani hupooza moto kuliko hotuba yoyote, nami huuachia, lakini mizaha ya kuwaita Wagogo ombaomba nisiisikie katika mduara huu. Mtu akiitoa, simamisha mazungumzo, urudi kwenye aya ya Mtunya na uisome tena kama ilivyo. Sijawahi kulazimika kuisoma mara tatu.

Wakiuliza upatanisho unafananaje, wape mifano miwili iliyo wazi. Tume ya ukweli ya Kanada, iliyochunguza zile shule za bweni, ilimaliza kazi yake mwaka 2015 kwa kutoa miito 94 ya utekelezaji, inayotaja nani afanye nini. Mnamo Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji. Waulize washiriki kipi kati ya hivyo kingewafaa wao, na wakijibu, andika maneno yao kama walivyoyasema, kwa lugha waliyoitumia. Katika mduara mmoja jibu lilikuwa dogo kuliko nilivyotarajia: waliomba mti wa tambiko ulioangukia ndani ya kiwanja cha mtu usikatwe, na njia ya kuufikia isizibwe.

Chakula kije baada ya mduara, kisije kabla. Ugali wa uwele na mlenda unatosha, na akina mama wa muheme wakiwa karibu na ngoma zao, waalike wapige watu wakila. Kama ulirekodi sauti, waulize wazee kabla hawajaondoka nani atakayeitunza na nani ataruhusiwa kuisikiliza, na jibu lao uliandike juu ya bahasha yenyewe. Ndani ya wiki mbili rudi kwa mtendaji wa kata na kwa wazee ukiwa na ukurasa mmoja wa yaliyosemwa, usomwe kwa sauti na urekebishwe. Vibuyu wape wenye navyo, huvibeba nyumbani.