Somo: Mmeachana, mtoto analala huku na kule. Nani amweke kwenye ritani ya kodi?

Hili ni la wenzangu walioko Marekani. Kila msimu wa kodi nasikia lile lile: "Matunzo natoa mimi, kwa hiyo mtoto ni wangu." IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haiulizi hivyo. Inauliza alilala wapi.

Hatua ya 1. Hesabu usiku. Mimi nina kalenda ya jikoni, kila siku naandika B au M. Aliyelala na mtoto usiku mwingi zaidi katika mwaka ndiye mzazi mlezi. Mkitoka sare, kama 183 kwa 183 mwaka 2024 uliokuwa na siku 366, anachukua mwenye kipato kikubwa. Akilala kwa rafiki au kambini, usiku ule ni wa mzazi ambaye angekuwa kwake.

Hatua ya 2. Wewe ndiye mlezi? Mweke. Kwa mwaka wa kodi 2025, nafuu ya kodi ya mtoto aliye chini ya miaka 17 inafika dola 2,200.

Hatua ya 3. Mkikubaliana mwenzako amchukue, mlezi anasaini Fomu 8332. Saini mwaka mmoja mmoja. Ya miaka ijayo huleta majuto. Na shikeni hili, maana hapa wengi huachia pesa: fomu inahamisha nafuu ya mtoto tu. Kujaza ritani kwa hadhi ya mkuu wa kaya, na EITC, ile nafuu ya kodi ya wafanyakazi wenye kipato kidogo, haviendi nayo. Mlezi akitimiza masharti, vinabaki kwake.

MASWALI

Hukumu ya talaka inasema tupokezane kila mwaka. Haitoshi?
Kwa talaka za baada ya 2008, haitoshi. IRS inataka fomu. Mwenzako akigoma kusaini, mpeleke mahakamani.

Nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee. Mtoto analala kwa baba yake, mchana nashinda naye mimi. Nimekosa?
Hapana, dada. Kama sababu ni kazi ya usiku, zinahesabiwa siku. Siku za shule zinakwenda kwa mzazi ambaye anwani yake ndiyo iliyoandikishwa shuleni.

Nimetuma ritani, imekataliwa. Mwenzangu kaniwahi kumweka mtoto!
Kuwahi hakumpi haki. Omba IRS ile namba ya siri ya tarakimu sita, IP PIN, utume tena mtandaoni, au tuma ya karatasi kwa posta. Wanaweza kuwaandikia nyote wawili, na asiyestahili atalipa pamoja na riba. Kalenda usiitupe.