Kachi tanki kwa gari la turbo: angalia ndani kabla hujalipa

Kama unaendesha Forester au Impreza ya turbo, hebu fungua mpira wa intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) uingize kidole. Kikitoka kimelowa oili ndo mambo yenyewe hayo. Kila injini inapitisha gesi kidogo kwenye ringi za pistoni kwenda chini kwenye oili, turbo ikisukuma zinazidi, na zikirudishwa kuchomwa zinabeba mvuke wa oili, intakula inapakwa mafuta, petroli inapungua oktani (nguvu yake ya kutowaka kabla ya wakati) na injini inaanza kugonga ukipanda mlima umekanyaga.

Kachi tanki inakaa katikati ya hiyo njia inadaka oili. Pale Kisekka, kwenye soko la spea Kampala, yapo mengi yanang'aa kweli, lakini mwambie muuzaji afungue kifuniko. Likiwa tupu hilo ni kopo tu, mvuke unaingia huku unatokea kule. Ndani kuwe na vibati au wavu mvuke ugonge, upoe, uwe matone. Mimi nilinunua tupu kwa sababu ya rangi (nyekundu, haya chekeni), ikabidi niende Katwe, hapo hapo Kampala, kwa welda aniwekee kibati, nikajaza na ile waya ya stainless ya kusugulia sufuria. Siyo steel wool laini jamani, ile inakatika vipande injini inavivuta. Nusu lita inatosha, ila matundu ya tanki yasiwe madogo kuliko mpira uliokuja na gari, ukibana hapo presha inatafuta pa kutokea, utaona dipstiki imeruka au sili zinavuja.

Mpira nao ununue wa oili. Fundi mmoja alinifungia wa maji, eti hakuna wasi ssebo (bwana), baada ya wiki chache ulikuwa umevimba umelegea kama chapati ya jana.

Kufunga: zima injini ipoe, chomoa ule mpira unaotoka kwenye kava za valvu kwenda kwenye paipu la hewa kabla ya turbo, upitishe kwenye tanki, halafu urudi palepale. Valvu ya PCV (ile ya kupitisha gesi za chini ya injini kwenda kwenye manifodi, njia moja tu) iache ilivyo, ndo inazuia presha ya turbo isiingie chini. Ile ya kuweka kichujio juu na kuachia hewani siipendi, harufu inaingia ndani ya gari, na ukisahau kuziba tundu la manifodi inavuta hewa ambayo sensa haijaipima, sailensa (injini ikinguruma bila kukanyaga) inapanda inashuka. Tanki likae mbali na turbo na ekzosi, mkono ufike kwenye koki ya chini, mipira isining'inie maana oili itatuama humo.

Wiki ya kwanza angalia kila siku mbili. Ukikuta uji wa njano kama maziwa, hasa kama uko Kabale kwenye baridi na safari zako ni fupi, ni maji yamechanganyika na oili, mwaga kwenye dumu la oili chafu, usirudishe kwenye injini. Na kama linajaa kila wiki wacha kununua tanki kubwa, kapime kompresheni, ringi zimechoka hizo.