Kumtafuta bibi katika kumbukumbu za Tanganyika ya ukoloni

Karani wa Wajerumani, na baadaye wa Waingereza, aliandika jina la mlipa kodi, na mlipa kodi kwa kawaida alikuwa mwanamume. Kuandikisha vizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika, na sensa za 1948 na 1957 zilichapisha hesabu za watu, majina hayamo. Kwa hiyo bibi hatafutwi kwa jina lake peke yake. Hutafutwa kupitia mume, kaka, watoto, msimamizi wa ubatizo, hata bwana aliyemmiliki.

Anzia kaburini, urudi nyuma. Waulize wazee nani walimzika, uzeeni aliishi kwa nani, na aliwazaa akina nani kwa mfuatano, pamoja na waliokufa wachanga. Ukishauliza alizaliwa wapi, uliza pia aliolewa akitokea wapi. Huenda alilelewa kwa mjomba au shangazi, na watu wa huko ndio wanaomkumbuka. Andika kila jina aliloitwa: la utotoni, la unyagoni, la ubatizo, la Mama Fulani. Usipofanya hivyo, mtu mmoja atakuonekania vitabuni kama wanawake wanne.

Mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye cheti cha uzeeni mara nyingi ni wa kukadiria. Upime kwa matukio. Wakati wa Maji Maji, 1905 hadi 1907, alikuwa anatembea? Vita ya 1914 ilimkuta keshavunja ungo? Homa kuu ya 1918 ilipopita alikuwa akimnyonyesha nani?

Kama alikuwa Mkatoliki, kitabu cha ubatizo ndicho chenye mali. Tafuta kwanza cheti cha mtoto wake yeyote, kisha mwombe paroko akufungulie kitabu kwa namba iliyo kwenye cheti hicho. Vitabu vya zamani viko kwa Kilatini: *filia* ni binti wa, *adulta* ni aliyebatizwa mtu mzima, *vidua* ni mjane, na *in periculo mortis* ni ubatizo wa hatari ya kufa. Kosa la wengi ni kunakili mstari wa jina na kuuacha ukingo wa ukurasa. Tangu 1908 Kanisa liliagiza ndoa iandikwe pale pembeni mwa ubatizo, na aliyeolewa parokia nyingine huonekana kwa maneno machache yaliyobanwa ukingoni.

Kama alikuwa Mwislamu wa pwani, fuata mirathi ya mumewe kwenye kumbukumbu za liwali au kadhi. Hapa hesabu husema hata pale majina yaliposahaulika. Mjane mwenye mume aliyeacha watoto hupata thumuni, na wajane wakiwa wengi huigawana hiyohiyo. Ikiwa mume aliacha watoto na ukaona bibi kapewa 1/16, alikuwa na mke mwenzake mmoja, 1/24, wawili. Akipewa robo, marehemu hakuacha mtoto, hivyo watoto unaowajua huenda ni wa ndoa nyingine.

Tahajia huwapoteza wengi. Mjerumani alimwandika Chausiku *Tschausiku*, na Mwajuma *Mwadschuma*. R na l hubadilishana kila mahali. Kwenye orodha za alfabeti angalia pia herufi B, kwa sababu makarani walidhani "binti" ni jina.

Kwenye Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, omba kwanza orodha ya mafaili ya wilaya yake, usiombe jina. Kesi za talaka na za kurudisha mahari ndizo zinazowataja wanawake kwa majina yao, pamoja na baba na kaka waliopokea mahari. Mafaili ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa mkono yako kwa mwandiko wa kale ambao hata msomi wa Kijerumani cha leo hukwama, basi nenda na aliyejifunza mwandiko huo.

Bibi asiye na ukoo unaojulikana huenda alikuwa mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu. Wajerumani walitoa hati za uhuru zilizoitwa *Freibrief*. Zitafute kwa jina la bwana wake.